Kiganja cha Mchungaji

Husemwa debe tupu ndilo huvuma, lakini kifua cha Recho kilikuwa kimejaa pomoni. Alipotoa mngurumo wa kwanza katika ukumbi wa kanisa pale Kasulu, akina mama wa kwaya walidhani amepandwa na pepo.

Ilikuwa mwaka 2013, na bendi ya Recho na wenzake ya hevi metali, muziki wa magitaa makali na sauti za kunguruma, ilikuwa haijawahi kupiga mbele ya watu. Magitaa, dramu na spika vyote vilikuwa vya kanisa. Wao walikuwa na sauti tu.

Mchungaji alikuja mbio akambandika Recho kiganja kwenye paji la uso. Kilikuwa cha moto, kimelowa mafuta ya upako, na tone moja liliteleza likamwingia jichoni. Akina mama walimzunguka wakikemea, "Toka! Mtoke binti wa watu!"

Nyuma yake mpiga dramu alinong'ona, "Dada Recho, anguka tu. Watasema umepona, na magitaa yatabaki kwetu. Mimi nilianguka Pasaka, mbona sikufa?"

Kiganja kilimsukuma. Alirudi nyuma hatua moja, na mama wawili walikuwa wameshanyoosha mikono kumdaka.

Recho alilipangusa jicho, akasimama wima.

"Shikamoo, Mchungaji. Hapa hakuna pepo. Ni mimi ninayeimba."

Mzee wa kanisa alikuwa ameshashika waya wa spika, tayari kuuchomoa.

"Basi omba radhi, mwanangu," mchungaji alisema, "yaishe."

Recho alisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Siombi."