Nyirinyiri ya Mwisho

Khadijo alimimina sufuriani mkebe wote wa nyirinyiri, nyama ya ngamia ambayo marehemu mama yake aliikaanga na kuihifadhi kwa samli. Tangu mazishi hakuna aliyeigusa. Leo nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kulia wali.

Vipande vilikuwa vidogo, sawasawa, kila kimoja kama ukucha wa mtoto. Harufu ya iliki ikajaa nyumba. Alingoja machozi, hayakuja.

"Hooyo, hii ndiyo ile ayeeyo alipika?" bintiye akamuuliza mama yake, akimkumbuka bibi.

"Ndiyo. Kula."

"Na wewe?"

"Nimeshiba."

Binti akafinyanga tonge, akamtia mamake kinywani. Khadijo akatafuna, akaendelea kutafuna, asiweze kumeza.