Kiganja Kwenye Kioo

Kwa mara ya tatu fundi aliingia chumba cha kurekodia kumwomba Bi Perpetua arudi nyuma kidogo, maana sauti yake ilikuwa inaizidi nguvu maiki. Miaka thelathini alikuwa ameimba opera kwenye kumbi kubwa bila kipaza sauti. Sasa alikuwa anarekodi nyimbo za roki ambazo mumewe, Dunstan, alizipigia gitaa enzi za ujana.

"Mama, hizi imba taratibu, kama unamnong'oneza mtu sikioni."

"Ninayemwimbia ukimnong'oneza hasikii, mwanangu."

Dunstan alikuwa ng'ambo ya kioo kilichotenganisha chumba hicho na cha mitambo, na shati lake la maua. Maspika ya ujana ule ndiyo yaliyomharibia masikio. Alipoona mkewe anavuta pumzi, aliinuka akabandika kiganja kwenye kioo, kama afanyavyo nyumbani kwenye mlango wa jiko mkewe akiimba.

Fundi aliwatazama wote wawili. Akaibeba maiki mpaka kona ya mwisho ya chumba, akamgeuza mama aelekee kioo.

Bi Perpetua akaimba kwa kifua chote. Kioo kikatetemeka. Upande wa pili, vidole vya mzee vikaanza kukibonyeza kimoja kimoja, vikitafuta nyuzi za gitaa.