Mizunguko Thelathini na Tatu

Shikamoo ya tatu nayo haikuitikiwa.

Ya kwanza Hyder aliitoa akiwa juu ya ngazi, akipanga spika kwenye rafu, mzee alipopita chini yake na boksi kifuani. Ya pili aliitoa akishuka. Ya tatu aliitoa hatua mbili nyuma ya mgongo wa mzee, kwa sauti iliyomfanya fundi cherehani wa duka la jirani achungulie. Mzee akaendelea kukata kamba ya boksi.

Hyder alibana meno. Duka hili la Mikocheni aliachiwa na babu yake, na humo watu walisalimiana kwanza, ndipo wakagombana.

Akazunguka kaunta. Mzee akainua uso.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mie, mzee wangu."

"Umeniharibia santuri yangu."

Hyder aliitambua gramafoni iliyotolewa boksini. Ilikuwa ya Mwalimu Leonardi wa Sinza, mstaafu wa hesabu. Mara mbili binti yake, Felicitas, aliileta, na mara mbili ilirudi nyumbani na mkanda mpya wa kuzungushia sahani. Leo mwenyewe alikuja nayo, pamoja na santuri ya roki aliyoinunua mwaka 1974 kwa mshahara wake wa kwanza. Jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi.

"Mashine nzima hiyo, Mwalimu. Nimeijaribu kwa masikio yangu haya."

"Masikio hudanganya. Washa."

Hyder akawasha. Magitaa yakajaa dukani. Mzee akaweka kiganja juu ya spika, kama mtu anayezuia mali yake isiibiwe, akafumba macho.

"Ngoma zinawahi," akasema.

"Haziwahi. Ni umri tu, Mwalimu. Mambo ya ujanani mtu huyakumbuka yakienda taratibu."

Kimya.

"Mwalimu, naongea na wewe!"

Kimya. Hyder alihisi shingo ikipata moto. Dharau ya namna hii hata mgambo hakuwahi kumfanyia.

Mzee alifumbua macho.

"Santuri hii ilikaa kabatini miaka thelathini," akasema. "Nimeirudia sasa, na sina kingine cha kurudia. Nataka ile niliyoiacha. Wewe unanipa nyingine."

Akachana kipande cha karatasi, akakibandika ukingoni mwa sahani ya gramafoni, akavua saa ya mkononi na kuilaza mezani.

"Hesabu mizunguko. Dakika moja."

Hyder akahesabu kwa hasira, akiitamka kila namba usoni mwa mzee. Mshale ulipokamilisha sekunde sitini, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Thelathini na tano."

"Inatakiwa thelathini na tatu na theluthi. Usibishane na mimi. Bishana na sahani."

Hyder akaipindua mashine, akatafuta skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo iliyo chini ya mota, akaigeuza kidogo, akahesabu, akaigeuza tena. Mara ya nne hesabu ilikaa sawa. Akarudisha sindano mwanzo wa wimbo.

Mzee akaweka kiganja pale pale. Mabega yake yakashuka.

"Ndiyo yenyewe," akasema, macho yamefumbwa.

Felicitas alitokea mlangoni, funguo za gari mkononi. Hyder alimfuata kabla hajavuka kizingiti.

"Sista, kosa ni langu, nimekubali. Mashine ilikuwa inakimbia. Lakini mzee wako nimemwamkia mara tatu. Mara tatu! Hata marahaba ya kunitupia kama mfupa amekosa? Mie si mtoto wake?"

Felicitas alimtazama baba yake. Vidole vya mzee vilikuwa vikigonga juu ya spika, sambamba na ngoma, bila kukosea hata pigo moja.

"Ulimwamkia ukiwa wapi?"

"Hapo, nyuma yake."

"Basi zunguka mbele, akuone midomo. Mwaka wa kumi na moja huu, baba hasikii hata radi."