Besi Kipara

"Una kabati la nguo?" mjane alimuuliza fundi wa magitaa.

Fundi alimtazama juu ya miwani. Tangu aanze kutengeneza na kuuza vyombo vya muziki alikuwa ameshaulizwa kila kitu isipokuwa hilo. "Kabati ninalo, dada, lakini ni la kuwekea waya. Na haliuzwi."

"Litafaa."

Alitaka besi kipara. Ndivyo bendi ya marehemu mumewe walivyoiita besi ya umeme isiyo na vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Shingo yake ni tupu, kidole kinateleza na sauti inateleza nacho. Jumamosi wenzake wangepiga nyimbo zake kwa kumkumbuka, na nyimbo hizo kwenye besi ya kawaida zilikuwa hazina ladha. Besi yake mwenyewe ilizama naye, gari la vyombo lilipoacha daraja na kutumbukia mtoni.

Walikuwa wawili tu garini, yeye na mdogo wake. Mdogo mtu alitoka akiwa ameloa chapachapa, na ndiye aliyeleta habari: kaka alikataa kuiachia besi, maji yakamchukua nayo. Mwili haukuonekana.

Bendi walimwachia mjane achague. Wao waliizoea besi ile kwenye spika, lakini yeye aliizoea chumbani, ambako hapakuwa na spika. Mumewe aliegemeza kichwa cha besi kwenye mlango wa kabati la nguo, akapiga, na mbao zote zikaitika. Yeye alikuwa akikunja nguo huku anaisikia hadi miguuni.

Tangu msiba ule hakuwa amelia. Watu walimsifu, mama jasiri yule, ana moyo. Ujasiri gani? Ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu ulioukalia vibaya, ila hii ilikuwa haiachii. Alikula bila kujua amekula nini. Alitaka Jumamosi aisikie sauti ile mara moja, alie kama watu wengine, yaishe. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Shemeji yake, yule mdogo mtu, alimsindikiza lakini hakuingia. Tangu asubuhi alikuwa aking'ang'ania waende kwenye duka kubwa la vyombo vipya. "Hapa ni mitumba mitupu, shem, utapoteza muda." Aliposhindwa, akasema vumbi la mbao linambana kifua, akabaki ng'ambo ya barabara, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, macho kwenye simu.

Fundi aliegemeza besi ya kwanza kwenye kabati, akapiga. Mjane alibandika sikio upande wa pili.

"Hii inakohoa."

Ya pili aliisikiliza zaidi. "Nzuri. Lakini haisemi kitu."

"Dada, unachagua besi au unachagua mchumba?"

Zamani angecheka. Aliona tu kwamba hapo ndipo mtu anapocheka, akangoja.

Fundi alikuna kichwa. "Kuna moja kule nyuma. Si ya duka, ni ya mtu, kaniachia nimuuzie. Aling'oa vyuma mwenyewe, nyumbani. Si kazi ya fundi ile, lakini ina sauti, utaniambia."

Akaenda kuileta, akaiegemeza, akapiga.

Kabati liliitika. Mjane aliondoa sikio, akalirudisha. Mtetemo ulimshuka shingoni, ukapita mgongoni, ukafika miguuni.

"Nipe niishike."

Alipitisha kidole gumba shingoni mwa ile besi. Kila mahali palipong'olewa chuma palibaki ufa mwembamba, ukazibwa kwa unga wa mbao na gundi. Isipokuwa ufa mmoja, karibu na kichwa. Huo ulikuwa mwekundu. Siku mumewe alipoing'oa vyuma besi yake, gundi ilimwishia kazi ikiwa karibu kwisha, akachukua rangi ya kucha ya mkewe bila kuomba, akaimalizia humo chupa nzima. Waligombana mpaka chakula kikapoa.

Mjane alikitazama kile kistari chekundu. Vidole vyake vilianza kuwasha, kama mguu damu inapourudia.

Kumbe ilitoka mtoni. Kuna mtu aliiopoa, akaifuta, akaona aipatie mnunuzi. Hakuwa na ugomvi naye. Angemshika mikono yote miwili amshukuru.

"Na mbao yake ni kavu, safi," fundi aliendelea kunadi. "Haijawahi kulala nje hata siku moja. Mwenyewe ni mtunzaji kwelikweli."

Hakuwa akimsikiliza. Machozi yalikuwa yameshaanza, ya moto, yanadondoka juu ya nyuzi, na aliyaacha yadondoke. Alikuwa na furaha. Alishtuka kujua kwamba ni furaha.

"Naichukua," alisema, akampa fundi aifungashe, akatoka mbio hadi mlangoni. "Shem! Njoo! Njoo uone!"

Shemeji alitikisa kichwa, akajigusa kifua kuonyesha lile vumbi.

Mjane alivuka barabara, akamkamata mkono wa shati, akamkokota huku analia na kucheka kwa pamoja. "Imerudi, shem! Besi ya kaka yako imerudi! Wewe ndiye utakayeibeba."

"Shem, ngoja kwanza. Shem, nisikilize..."

Lakini walikuwa wameshaingia. Fundi, aliyekuwa akizifuta zile nyuzi machozi, aliinua uso. Alivua miwani, akamtabasamia shemeji kama mtu anayemfahamu.

"Ah, kumbe mko pamoja! Basi mwambie kaka yako asijisumbue kuja tena kesho, besi yake imeshapata mtu."