Harufu ya Mama

Sheria ilikuwa wazi: mtu yeyote ambaye kibandiko cha mkononi mwake kimegeuka chekundu kwa mvuke wa petroli haruhusiwi kulala nyumba moja na mtoto mdogo. Zawena, mhudumu wa pampu mjini Njombe, alikaa bweni la kituo wiki tatu. Asubuhi hii kibandiko chake kilirudi kijani, akatoka mbio bila hata kunywa chai.

"Mama Nasra, utaanguka!" wenzake walimcheka.

"Nikianguka nitatambaa!"

Mumewe, Shomvi, alimfungulia mlango kwa vigelegele vya utani. "Karibu, mke wangu! Mwanao nusura anitoe roho. Alikesha akilia mpaka nilipovumbua dawa."

"Dawa gani?"

"Ovaroli zako. Kila zikiletwa kufuliwa, namfunika moja kabla sijailoweka. Akisikia harufu yako tu, analala fofofo."

Nasra alikuwa ameshawafikia, mikono juu, akitaka kubebwa. Mkono wa sweta ulishuka, na kibandiko chake kidogo, ambacho hata watoto huvaa, kikaonekana. Kilikuwa chekundu.

Zawena alimnyanyua, akaurudisha mkono wa sweta taratibu hadi kwenye vidole.

"Baba Nasra," alisema, "fungua madirisha yote. Ila mlango ufunge, mtu asije akamwona, naye akatengwa."