Sijambo, Ila

Siku hizi hatupigiani simu tena, tunaandikiana tu, na kila Ijumaa programu yetu ya ujumbe inarekebishwa. Raha iliyoje! Juma lililopita herufi zilinenepa kama maandazi. Leo kitufe cha kutuma hakikimbii kidole changu, na maneno ya ziada programu inayapunguza yenyewe.

Mjukuu wangu Mwanahawa akaandika: “Shikamoo bibi, hujambo? Nije kesho?”

“Marahaba. Sijambo mjukuu wangu, ila kifua kinanibana tangu jana. Njoo.”

Akajibu papo hapo: “Alhamdulillahi! Basi nitakuja Idi, bibi.”

Nikatazama kilichomfikia: “Marahaba. Sijambo.”

Nikaandika upya kwa kirefu, tangu maumivu hadi dawa iliyokwisha. Kitufe kikatii mara moja, jamani! Safari hii lilimfikia neno moja tu: “Sijambo.”