Shina la Baba

Capitoline alipanda juu ya kinu kilichofudikizwa, kisu cha jikoni mkononi, akaanza kukata maua ya mianzi. Maua yenyewe hayakuwa na uzuri wowote, yalifanana na makapi ya mpunga. Alikuwa akikata tangu asubuhi, na kila alipomaliza ufito mmoja aliona nyingine tatu zimechanua.

"Utaanguka, mama," alisema bwana shamba Yotham, akiegemeza baiskeli yake. "Hayo hayazuiliki."

"Nitayazuia."

Mfa maji haachi kutapatapa. Kichaka hicho kilikuwa kimemlisha miaka ishirini na mitano hapo Katumba, makazi ya wakimbizi Tanzania, kwa nyungo na matenga aliyosuka. Siku walipokimbia Burundi, baba yake aling'oa shina moja la mianzi, akalipasua kwa panga. Nusu alimfunga Capitoline mgongoni, nusu alimpa Didace, kaka yake. Njiani makundi yakaachana. Capitoline akaishia Katumba, Didace ng'ambo ya ziwa, Zaire. Hawakuonana tena. Waliishi kwa barua.

"Mbona mianzi ile ya bondeni inachanua kila mwaka na haifi?" aliuliza.

"Ile ni ndugu yake tu, tabia mbalimbali. Ile inatoa maua kidogo kidogo, inabakiza nguvu. Hii yako inakaa kimya hata miaka arobaini, halafu inamwaga kila kitu mara moja, inakufa. Na chochote kilichotoka kwenye shina hili kinachanua mwaka huuhuu, hata ukikipeleka Ulaya." Yotham aligeuza baiskeli. "La kuvunda halina ubani, mama. Panda ile ya bondeni."

Capitoline alishuka kinuni. Hakukata ua jingine.

Mumewe, Méthode, alirudi kutoka kwenye shamba la tumbaku akamkuta amekaa chini ya mianzi, analia. Hakuuliza sababu. Mtu akipoteza kazi yake na urithi wa baba yake kwa siku moja, alie tu. Akakaa naye, maana Méthode alikuwa mtu mwema, mwema kupita kiasi.

"Baba Aurélie," Capitoline alimwambia, "kesho si unakwenda Ikola kununua dagaa? Mwandikie kaka. Muulize neno moja tu: mianzi yake ikoje."

"Nimwombe na chipukizi?"

"Uliza hilo tu."

Capitoline hakujua kusoma wala kuandika. Méthode ndiye aliyeandika, ndiye aliyekabidhi barua kwa wenye maboti kule Ikola, na ndiye aliyeleta majibu. Siku hizi yalikuja bila bahasha. Bahasha zinalowa botini, alisema. Lakini jambo la kushukuru ni kwamba tangu vita viwake ng'ambo mwaka jana, barua za Didace zilikuwa ndefu na zenye furaha kuliko zamani.

Wiki tatu Capitoline hakula sawasawa. Majani ya mianzi yalipukutika, fito zikakauka. Majirani walimwambia kichaka kingine kitaota. Kila siku aliangalia barabara na kumwomba Mungu jibu moja tu.

Méthode alishuka kwenye lori na matenga yake ya dagaa, karatasi mkononi, anatabasamu kabla hajafika mlangoni. Alisoma palepale uani bila kukwama hata mara moja, yeye ambaye Waraka kwa Wakolosai humtoa jasho.

"'Dada yangu mpenzi, usihuzunike. Mianzi yangu ni ya kijani kabisa, haijatoa hata ua moja. Machipukizi yamejaa. Nitakutumia matatu kwa boti ijayo, shina la baba lisipotee.'"

Aurélie, binti yao, alipiga vigelegele. Jirani akaja mbio kuuliza kuna nini. Méthode alikunja karatasi taratibu, akasubiri mkewe acheke.

Capitoline alifungua kilemba kichwani. Akaketi chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu.

"Baba Aurélie," alisema, "kaka yangu alikufa lini?"